Naomba ushauri: raketiboli au handiboli ya ukutani kwa vijana wa Uyole?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Niko Uyole, Mbeya, nasimamia vijana wa mtaani wanaotaka mchezo wa jioni tofauti na soka. Tumeruhusiwa kutumia ukuta wa ghala la zamani, mbele yake sakafu safi ya saruji.

Handiboli ninayosema si ile ya magoli, ni ya kupiga mpira ukutani kwa kiganja; raketiboli nayo ni kupiga mpira ukutani, ila kwa raketi. Kiwanja cha kuta nne ni kilekile kwa michezo yote miwili, futi 20 kwa 40, lakini kuta nne hatuna uwezo wa kujenga. Handiboli ya ukuta mmoja imezoeleka sana New York, haihitaji raketi, na inamlazimu mchezaji kutumia mkono wa kulia na wa kushoto. Moyo wangu uko huko. Hofu yangu ni mpira wake, mdogo na mgumu. Kwa baridi yetu ya Juni, glavu zitatosha kulinda viganja vya watoto? Raketiboli mpira wake ni mkubwa kidogo na una uwazi ndani, ila raketi ni gharama.

Aliyewahi kufundisha, tuanze na upi? Na kuna mpira wowote wa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, unaofaa kuanzia?