Eti "kwa mbali haionekani"! Fundi huyu nimemkoma

Mwana_wa_Kikwajuni:
Nina hasira mpaka urojo umenishinda, na mnanijua mie na urojo.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa chini ya mkungu, mwenye mashine ya kupolishi inayonguruma kama ndege inatua Kisauni.

IST yangu ya buluu iliparuzwa na baiskeli pale Darajani. Mkwaruzo wenyewe mwembamba, uzi wa buibui mnene kuliko huo. Nikasema nimpelekee aipake kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ya gari, aisugue kidogo, tumalize. Kanambia nusu saa, elfu thelathini, "hata mkeo hatojua".

Hakuosha! Gari ina mchanga wa Nungwi tangu Jumapili, kaimwagia kampaundi juu ya mchanga, jua la saa saba, kaigandamiza mashine pahala pamoja kama anasaga mchele wa vitumbua. Kitambaa kikaanza kutoka buluu. Fundi, mbona buluu? Kanijibu: "Huo uchafu."

Uchafu wa buluu! Tangu nizaliwe hapa Unguja sijauona uchafu wa buluu.

Anazima mashine, mlangoni pana waa jeupe sawa na sahani ya biriani. Kasogea nyuma hatua tatu, kafumba jicho moja, kasema: "Kwa mbali haionekani."

KWA MBALI. Mbali wapi? Nikaiegeshe Chumbe? Watu wawe wananiangalia wakiwa ndani ya boti ya Dar? Na pesa kachukua! Ananipa funguo bado anarudia: "Wewe simama mbali tu."

BibiUrojo:
Pole mwanangu. Ila leo nimeiona ikipita Michenzani, mie niko juu ghorofani, na waa lilionekana.

Nahodha_mstaafu:
Kosa nusu lako. Kampaundi haizibi mkwaruzo, inakula rangi ya pembeni mpaka ilingane nao. Na ule utando wa klia, yaani vanishi angavu ya juu ya rangi, ni kama maikroni 40 au 50 tu, unywele wa kichwa kwa kawaida unaushinda unene. Kwenye kingo ndiyo mwembamba zaidi. Ungepitisha ukucha kwanza: ukikwama, hapo si kazi ya kampaundi, tafuta fundi wa kupaka rangi. Na gari yenye klia, kitambaa kikitoka rangi ujue klia imeshakwisha. Hapo ndipo pa kupiga kelele azime.

Mwana_wa_Kikwajuni:
Nilipiga! Akasema uchafu. WA BULUU.

Mchokozi74:
Kwa elfu thelathini ulitaka nini, yakhe? Wangu mie alisugulia dawa ya meno. Mkwaruzo upo vilevile, lakini gari ilinukia wiki nzima.

Nahodha_mstaafu:
Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugulia, ndiyo maana watu wanadanganyika. Kwa alama ndogo sana labda. Tena kivulini, bati likiwa limepoa.

Kojani_kwetu:
Nyinyi wa Unguja mnalilia waa. Mie nimeegesha Wete, nazi imenishukia kwenye boneti. Mwenye mnazi kaja mbio, nikadhani anakuja kunipa pole. Kaokota nazi yake, kenda zake!

BibiUrojo:
Nazi au dafu?

Kojani_kwetu:
Nazi, bibi, kavu kabisa. Boneti imebonyea kama bakuli la uji. Mvua ikinyesha kunguru wanakunywa maji hapo.

Nahodha_mstaafu:
Ungeizuia ile nazi. Ndiyo rehani yako.

BibiUrojo:
Rehani gani, si ataitia kwenye mchuzi huyo? Mie mbuzi wa jirani kalala juu ya gari yangu mwezi mzima, nikisema naambiwa "mbuzi hajui". Mwenye mbuzi je, naye hajui?

Mwana_wa_Kikwajuni:
Jamani, na mlango wangu?

Mchokozi74:
Sisi tumesimama mbali, hatuuoni. Kojani, huo mnazi una madafu? Kesho niko Wete.