Analizi ya vekta: Stokes na Gauss, nianzie wapi?

Etudia wa Goma: Bandugu jambo, niko promosyo ya pili fizike hapa Goma, integrale mbili na tatu zinaenda muzuri lakini vile prof ameingia kwa teoreme za Stokes na Gauss (zenye zinaunganisha integrale ya ndani na ile ya kwenye mupaka) sioni tena hizi vitu zinatoka wapi, na egzame iko karibu

Yaya Bukavu: Mudogo wangu anza na gradienti, ile vekta yenye inaonyesha upande fonksyo inapanda mbio zaidi. Kamata karte ya volkano Nyiragongo yenye mistari ya urefu: gradienti inakata ile mistari kwa pembe ya digri 90, inaangalia kwenye mulima unapanda kwa nguvu zaidi, lava inashuka upande wa kinyume.

Lushi: Kweli kabisa. Halafu fanya hii kwa mukono wako, usikopie: F = (x, y, z), tufe ya rediyasi R. Diverjansi (vile F inatawanyika kutoka kila pointi) ni 3, volume 4πR³/3, basi kwa Gauss fluksi (kile F inapitisha kwa uso kuenda inje) ni diverjansi mara volume, 4πR³. Sasa pitia juu ya uso: F inafuata normale (vekta yenye inasimama digri 90 juu ya uso), ukubwa wake R, eneo 4πR², inatoka ileile! Ni hapo Gauss inaingia kichwani. Na teoreme ya Green ni Stokes tu kwenye plani.

Etudia wa Goma: Aksanti sana bakubwa. Na alama ya normale?

Lushi: Kwa Gauss inaangalia inje kila mara. Kwa Stokes, kanuni ya mukono wa kuume: vidole vinafuata mupaka, kidole gumba kinaonyesha normale.