Wasanifu majengo mnaogawa picha zetu bure kwa makontrakta na wauza alumini, hii tabia ikome

Wakuu, salaam. Napiga picha za majengo hapa Dar, kazi ya kujitegemea, na leo nimefika mwisho wa uvumilivu.

Mwaka jana ofisi moja ya usanifu ilinipa kazi ya nyumba ya ghorofa Mbezi Beach. Tulipatana laki tisa kwa picha kumi na mbili zilizohaririwa, wazitumie wao wenyewe: tovuti yao, Instagram yao na kabrasha wanaloonyesha wateja. Yote yameandikwa, wakasaini. Juzi napita Mwenge, picha yangu ya jioni iko kwenye bango la muuza alumini! Kufuatilia, kumbe kontrakta kaiweka kwenye nyaraka zake za zabuni, duka la vigae limeitolea kalenda, na mpambaji wa ndani kaipakia kama kazi yake, jina langu halipo popote. Nikampigia mzee mwenye ofisi. Jibu lake: "Si tulishakulipa, kijana wangu? Hao wote walishiriki kujenga."

Hapana mzee wangu. Kujenga walijenga, na walilipwa kwa kujenga. Picha hawajalipia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Chukua karatasi yoyote ya michoro inayotoka ofisini kwake. Pale pembeni, penye kiboksi cha jina la mradi na skeli, pameandikwa kwamba mchoro ni mali ya ofisi na usinakiliwe bila idhini ya maandishi. Mwenye nyumba akithubutu kuichukua ramani hiyo akamjengea mdogo wake Kibaha, anadaiwa ada upya, na ni haki yao. Sasa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda ramani yao ndiyo hiyo hiyo inayolinda picha. Iweje waikumbuke wakidai, wakidaiwa waisahau?

Halafu kuna wale wa "picha moja shilingi ngapi?", kana kwamba wamekuja kupiga paspoti. Hiyo picha ya jioni wanayoigombania mnajua inapatikanaje? Jua la Dar likishazama, una dakika kama ishirini tu ambazo anga ni la bluu na mwanga wa ndani unalingana na wa nje. Kabla ya hapo umeshazunguka chumba hadi chumba kuwasha taa, umebadilisha globu nyeupe iliyochanganywa na za njano, umebembeleza mafundi waondoe kirikuu getini, umefagia mifuko ya saruji. Umeme ukikatika dakika hizo, unarudi siku nyingine kwa nauli yako. Lenzi ya tilt-shift, ile inayofanya kuta zisimame wima badala ya kuonekana zinalalia nyuma, ikiwa mpya ni karibu dola 2,000. Drone inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Bado usiku wa kuhariri. Na siku ya malipo wanakukata kodi ya zuio asilimia 5, ukidai cheti chake unazungushwa wiki nzima.

Bei ya kazi hii ina sehemu mbili, na nawaambia wateja wote kabla sijafungua begi. Kwanza, gharama ya kuipiga: siku, vifaa, usafiri, uhariri. Pili, haki ya matumizi, na kila anayetumia anailipia ya kwake. Hao watu watano wangekaa pamoja tangu mwanzo, ningewafanyia milioni mbili kwa wote, yaani laki nne kila mmoja. Yule mzee angelipa chini ya nusu ya alicholipa! Badala yake kalipa laki tisa peke yake, kagawa mali isiyo yake, na mimi ndiye naitwa mwenye tamaa.

Na nyie wapiga picha wenzangu mnaochukua jengo zima kwa elfu hamsini na kukabidhi mafaili yote bila hata mstari mmoja wa makubaliano, mnatuumiza sote. Mteja akishazoea hivyo, mwenye bei halali anaonekana mwizi. Msianze kuniambia nishushe bei kwa sababu soko ni gumu. Soko gumu halijamzuia muuza alumini kulipia bango.

Nimeshawapelekea ankara wote wanne, kila mmoja kwa matumizi yake, nikaambatanisha picha za bango na kalenda. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi. Wasipolipa, napeleka jalada COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mliowahi kufungua shauri la picha pale, naomba mnieleze hapa: mlitakiwa kuwa na nyaraka gani, na je, kazi inatakiwa iwe imesajiliwa kwanza au mkataba uliosainiwa pamoja na mafaili ghafi yenye tarehe vinatosha?