Mjadala: Ukungu wa Monet bandarini Le Havre, je, ni moshi?

Mtoa hoja: Tangu watafiti Anna Lea Albright na Peter Huybers walipochapisha, mwaka 2023, utafiti unaoonyesha kwamba mandhari katika michoro ya Turner, mchoraji Mwingereza, na ya Monet, mchoraji Mfaransa, yalizidi kuwa na ukungu kadiri moshi wa viwanda ulivyoongezeka London na Paris, wapo wanaopendekeza kwamba majumba ya makumbusho yabadilishe maelezo yaliyobandikwa kando ya michoro hiyo, ili mtazamaji aambiwe wazi kuwa anachokitazama ni hewa chafu. Sina ugomvi na utafiti wenyewe. Ugomvi wangu unaanza pale pendekezo hilo linapofikishwa kwenye "Impression, soleil levant" (yaani "Hisia, jua likichomoza"), mchoro wa Monet wa mwaka 1872 uliopo Musée Marmottan Monet, Paris.

Monet aliuchora akiwa dirishani, bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, ikiwa mbele yake: mashua ndogo iliyo giza, jua la rangi ya chungwa, na kwa nyuma milingoti, kreni na dohani ambazo ni vivuli tu. Turubai yenyewe ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, sentimita 48 kwa 63. Moshi upo, sikatai. Lakini Le Havre imekaa pale mto Seine unapoingia baharini, na asubuhi za baridi ukungu hutanda hapo bila kusubiri makaa ya mawe. Mwaka 1874 Monet alichora Grand Quai, yaani gati kuu, ya bandari hiyohiyo, na humo watu na milingoti wanaonekana vizuri. Alfajiri moja haiwezi kuwa kipimo cha hewa ya mji mzima.

Isitoshe, Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Prussia mwaka 1871, na kwa Wafaransa wengi kreni na meli za mvuke zilikuwa dalili ya nchi kuinuka tena. Kuandika neno "uchafuzi" chini ya mchoro huo ni kumlisha mchoraji maneno.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, kuhusu alfajiri moja nakubaliana nawe, ila umeruka ushahidi mzito. Machi 1900, akiwa London, Monet alimwandikia mkewe Alice jinsi alivyoamka akafadhaika kwa kutoona ukungu hata kidogo, mpaka mioto ilipowashwa na moshi ukarudi. Mtu huyo alijua fika anachokichora. Ikiwa mchoraji mwenyewe aliusubiri moshi ndipo ashike brashi, kuutaja si kumlisha maneno.

Mtoa hoja: Nashukuru, ndugu yangu. Barua hiyo ni ya miaka 28 baadaye na inahusu mji mwingine. Kwenye michoro ya London maelezo hayo yabandikwe hata kesho. Kuhusu mchoro wa Le Havre, Monet alieleza baadaye kwamba aliuita "Impression" kwa kuwa usingeweza kuchukuliwa kama mandhari halisi ya Le Havre. Ikiwa aliyeuchora aliona haustahili hata kuitwa picha ya mji huo, sisi tunaugeuzaje kuwa shahidi wa hewa yake? Niko tayari kukubali sentensi moja tu inayosema kwamba zile dohani za nyuma zilikuwa zikifuka moshi, jambo ambalo mwenye macho analiona kabla hajasoma chochote.