Ushauri wa haraka: Mama mtu mzima anaweza kufundishwa Kiswahili kwa wiki chache? Nipo Kigoma

Mwana Heru (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Mama yangu ana miaka sabini na ushee, nimemtoa kijijini Kasulu, naishi naye hapa Mwanga. Kiswahili hajui. Si kwamba anakijua kidogo anaona haya, hajui, yeye ni Kiha tu. Ukimuuliza jina anageuka kuniangalia mimi. Natafuta mtu au kituo kinachofundisha watu wazima, au mbinu yoyote aweze kujibu vitu vidogo: jina lake, alikozaliwa, kijiji, mume wake. Muda ni mfupi. Matusi sihitaji, mawazo niliyonayo yananitosha.

Mgebuka Mkavu
Mkuu, mimi Kiingereza nimefundishwa sekondari yote na mtu akinisalimia tu natafuta mlango. Wiki chache, bibi wa miaka sabini? Anza kwa kufunga na kuomba.

Nyuki wa Sikonge
Umenikumbusha mbali sana. Mimi Mnyamwezi. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea Kinyamwezi unavalishwa kibao shingoni, unashinda nacho mpaka umnase mwenzio naye kateleza. Tukawa wapelelezi wa wenzetu, mtu anakufuata hadi chooni akusikie ukijikwaa kidole. Nafika sekondari, kibao kilekile, safari hii kosa ni Kiswahili! Leo watoto wangu Kinyamwezi hawajui hata salamu. Bibi yao akija wanamkodolea macho kama mgeni rasmi. Usimsumbue mama. Waache wajukuu wajifunze kwake.

Bi Katonga
Alikulea kwa lugha gani huyo mama? Leo una sebule ya vigae ndiyo umemuona mshamba. Vijana wa sasa mtakuja kulaaniwa hivihivi.

Mzee wa Ujiji
Waha bwana. Sisi huku Ujiji Kiswahili kilikuja na misafara, kimetoka Bagamoyo, kimepumzika Tabora, kimetufikia bado cha moto. Nyie mko milimani na mihogo yenu. Na Mwalimu aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama alikuwa wapi?

Mwana Heru
Alikuwa shambani, mzee wangu. Aliyetoka ni baba. Alikwenda manamba kukata mkonge Tanga, akarudi na baiskeli, redio na Kiswahili. Hiyo baiskeli angalau mama alipakiwa. Kiswahili kilikuwa cha baba: kikao cha kijiji ni yeye, bwana shamba akija ni yeye, barua ni yeye. Mama analetewa kilichokwisha kuamuliwa. Baba amefariki, ndiyo tumebaki hivi.

Wakili wa Mchongo
Pole. Lakini kuna kitu hujasema. Jina, alikozaliwa, kijiji, mume: hayo si maswali ya sokoni. Anakwenda kuhojiwa wapi?

Mwana Heru
Haya. Ni mambo ya kitambulisho, changu mimi. Nimeambiwa nije na mzazi kwa ajili ya mahojiano. Kwenye foleni watu wakanitia hofu: mzee akifungua mdomo na Kiha cha Heru, asiyekijua ataona ni Kirundi, faili linawekwa pembeni. Hakuna aliyenionea mpaka sasa, nasema ukweli. Naogopa tu.

Wakili wa Mchongo
Na nini tena? Mtu anayeogopa tu hatafuti mwalimu usiku wa manane.

Mwana Heru
Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mtendaji nimeshamwambia kwamba mama alipata kiharusi, kauli imekata. Kuna mtu wa zahanati ameahidi kuniandikia karatasi. Akishika Kiswahili, nitasema amepata nafuu. Asiposhika, atakaa kimya. Mazoezi tumeshaanza nyumbani na ananyamaza vizuri, shida anacheka. Bubu haulizwi maswali. Nani anaumia hapo?

Mgebuka Mkavu
😂😂😂 Shida anacheka. Nimeteremka kwenye bodaboda kwanza.

Bi Katonga
Umemtamkia mama yako kiharusi akiwa mzima? Tubu leoleo.

Wakili wa Mchongo
Anayeumia ni wewe. Ulikuwa na haki, umeiacha umeokota kosa: taarifa za uongo kwa ofisi ya serikali, tena na karatasi ya kughushi juu yake. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka ajue Kiswahili au Kiingereza mgeni anayeomba tajnisi, yaani kupewa uraia. Mgeni! Mzaliwa hana mtihani huo. Mama yako anaruhusiwa kuwa Mtanzania kwa Kiha chake. Nenda naye, nenda na mwenyekiti wa kitongoji alikozaliwa na wazee wawili watatu wanaoufahamu ukoo, omba mkalimani mapema, kwa barua.

Na wanaomcheka mama wa watu: mpaka sheria iliporekebishwa 2021, Mahakama Kuu kesi ziliandikwa na kuhukumiwa kwa Kiingereza. Mtu na Kiswahili chake safi cha Ujiji alikuwa anasomewa hukumu ya shamba lake, kisha anamuuliza wakili, "Nimeshinda?" Nimewaona kwa macho yangu.

Mzee wa Ujiji
Umenigusa hapo. Mimi niliuliza hivyohivyo. Nilikuwa nimeshindwa.

Malagarasi
Hivi kufanana Kiha na Kirundi ni siri ya nani? Wabelgiji waliingia Kigoma 1916, wakaja kugawana na Waingereza, wao wakabaki na Urundi, Kigoma ikaenda Tanganyika. Watu wa milimani hakuna aliyewauliza wanasemaje asubuhi wakiamka. Dkt. Mpango alikuwa mbunge wa Buhigwe, ng'ambo ya mlima ni Burundi, na akawa Makamu wa Rais. Muha hana haja ya kujificha.

Raia Mwema Kibondo
Tusijifanye watoto. Wakimbizi wa Burundi tunawapokea kwa wingi tangu 1972, kambi ya Nyarugusu ipo mpaka leo, na wapo wanaotoka kambini wanajiita Waha. Ofisa asiulize?

Malagarasi
Aulize. Ila kazi hiyo apewe anayejua Kiha. Mimi Muha nikimsikia Mrundi sentensi ya pili nimeshamjua, na yeye ananijua.

Mwana Heru
Wakili, maneno yako mazuri lakini mtendaji nimeshamwambia. Nikirudi kusema kauli imerudi nitaonekana tapeli. Bora niendelee tu na mpango. Wazee wa kijijini nauli yao ni nani ataitoa?

Dagaa Lumbesa
Mnajadili kwa uchungu na hakuna aliyefuatilia. Huyuhuyu siku za nyuma alileta uzi wa bei ya mawese, akasema mama yake anauza sokoni Mwanga. Asiyejua Kiswahili anauzaje sokoni Mwanga? CHAI.

Mgebuka Mkavu
Chai ya rangi, hata tangawizi hamna.

Raia Mwema Kibondo
Au mwanafunzi wa chuo anakusanya maoni ya utafiti wake bure. Au mtu wa ofisini anatutega. Wakili, futa mambo yako.

Nyuki wa Sikonge
Kama ni chai kimeniuma bure kibao changu. By the way nina asali ya Sikonge, haijachemshwa, natuma kwa treni mpaka Kigoma.

Mwana Heru
Mawese hayahitaji hotuba. Anaonyesha chupa, anataja bei, hela anazijua kunishinda mimi. Nusu ya wateja ni Waha wenzake, na waliobaki wanaelewana kwa vidole. Anayesema chai aje Mwanga anione.

Mama Lishe Kibirizi
Subirini kwanza. Ni yule bibi mrefu anayepanga chupa zake chini, pembeni ya wauza dagaa? Bubu wa wapi! Juzi nimemwomba aniongezee kidogo kwenye chupa, kanishushia Kiha soko zima likageuka. Mtendaji wenu alikuwa hapohapo ananunua nyanya, akacheka mpaka akakaa.

Mwana Heru
Mtendaji yupi?