Naomba ushauri: dawa inavuja kabla sijawasha umeme

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza utando wa polipiroli (polima inayopitisha umeme) juu ya elektrodi ya dhahabu ya kuwekwa mwilini, ukiwa umebeba deksamethasoni fosfati, dawa ya kupunguza uvimbe. Dawa hii ina chaji hasi. Nikiupa utando volti hasi, polima hupoteza chaji chanya na kuiachia dawa. Hapo sina shida, naiona vizuri nikipima mwanga wa urujuanimno inaoufyonza kwenye nanomita 242. Tatizo, hata bila umeme inavuja kwenye maji ya chumvi. Nimeongeza muda wa kusuuza na unene wa utando: uvujaji umepungua kidogo, ila sasa utando unabanduka, na kipande kikibanduka mwilini ni hatari kubwa.

Je, niikwaruze dhahabu kwanza ili utando ushike? Na tabaka jembamba la juu lisilo na dawa litazuia uvujaji bila kukwamisha utoaji?