Pilates au yoga? Viungo vimekakamaa na nina jioni mbili tu kwa wiki

Kiti cha Kuzunguka (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 43, na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Miaka michache iliyopita niliweza kuinama nikafunga kamba za viatu nikiwa nimesimama. Siku hizi nalazimika kukaa kitandani na kuupandisha mguu juu ya goti la pili, na kila niamkapo kiuno huchukua kama robo saa kabla hakijakubali kunyooka. Ngazi za ghorofa tatu huniacha nikihema. Sina ugonjwa ninaoujua, na shinikizo la damu lilipopimwa mwezi uliopita lilikuwa sawa.

Nina jioni mbili kwa wiki, saa moja moja, na mahali ninapoweza kwenda panafundishwa Pilates na yoga kwa wakati uleule, katika vyumba viwili vinavyotazamana. Nimeonja kila moja mara moja. Katika yoga, mwalimu alipotuambia tushushe viganja hadi sakafuni, vyangu viliishia katikati ya muundi, na mwenzangu wa pembeni, ambaye kwa makadirio yangu amenizidi miaka 20, alikuwa amekwisha kuvilaza vyake na anasubiri. Katika Pilates tulilala chali sehemu kubwa ya kipindi, nikadhani nimepata mteremko, mpaka kesho yake niliposhindwa kucheka kwa maumivu ya tumbo.

Ninachotaka ni viungo vilegee, halafu nguvu na pumzi zirudi. Nichague ipi? Nitashukuru kupata majibu yenye sababu, kwa maana jibu la kwamba zote ni nzuri nimeshapewa na kila niliyemuuliza.

Mkeka wa Alfajiri

Ndugu mleta uzi, mimi nafanya yoga mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo chukua maneno yangu ukijua yanatoka upande gani. Kama shida yako kuu ni kukakamaa, nenda kwenye yoga, kwa sababu ndiyo inayokuweka katika mkao mmoja kwa muda wa kutosha hata msuli ukaacha kubishana nawe.

Ila neno yoga peke yake halikuambii utakachokikuta ndani ya chumba. Walimu wengi wa leo hufuata njia zilizopita mikononi mwa Krishnamacharya, aliyefundisha Mysore, India, katika miaka ya 1930, na wanafunzi wake wawili walioandamana na jina lake wanatofautiana kama mchana na usiku. Pattabhi Jois alieneza Ashtanga, yenye mfuatano usiobadilika na mwendo unaofuata pumzi, ambayo humtoa mtu jasho na humwacha nyuma mgeni kabla hajajua mguu upi unatangulia. B.K.S. Iyengar alijulikana kwa kushughulikia mpangilio wa mwili, na kwa matofali ya mbao, mikanda na viti vinavyomsaidia mtu asiyefika sakafuni afanye mkao uleule kwa kipimo chake. Iko pia Yin, ambamo mnakaa katika mkao mmoja dakika tatu hadi tano mkiwa mmelegea. Mtu wa kiti cha ofisi namshauri aanze na Iyengar au darasa lolote la polepole. Muulize mwalimu ni aina gani anayofundisha kabla hujalipa, na kama hana mikanda wala matofali chumbani, hilo nalo ni jibu.

Springi Nne

Naheshimu maelezo ya hapo juu, lakini nadhani yamemjibu mtu mwingine. Mleta uzi ameandika mwenyewe kwamba kiuno humsumbua asubuhi na kwamba tumbo lake lilishindwa kazi ya saa moja akiwa amelala chali. Huyo ni mtu ambaye kiwiliwili chake hakina nguvu ya kushikilia kitu, na Pilates ilitungwa kwa ajili hiyo hasa.

Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, Waingereza wakamweka kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akahamia New York na kufungua ukumbi pamoja na mwenzake Clara. Mfumo wake aliuita Kontrolojia, yaani elimu ya kuutawala mwili, na jina hilo linaeleza kazi yenyewe kuliko jina lake linalotumika sasa. Kati ya mazoezi 34 ya mkekani aliyoyachapisha mwaka 1945, liko moja la kujikunjua kutoka chali hadi kukaa. Jaribu leo: lala, nyoosha mikono nyuma ya kichwa, kisha inuka polepole ukihesabu pingili za uti wa mgongo zinavyoachana na mkeka moja baada ya nyingine. Wageni wengi hufika katikati wakakwama, na miguu ikaruka juu yenyewe ili kuwasaidia. Pale ulipokwama ndipo penye kazi.

Watu husema Pilates hainyooshi, na hilo si kweli. Huunyoosha msuli ukiwa unafanya kazi, kwa mfano mguu unapopelekwa mbali huku nyonga ikizuiwa isitikisike. Ukifika kwenye ile mashine ya kitanda kinachoteleza, springi zinakuvuta unaporudi nyuma nawe unazizuia zisikurudishe kwa pupa, na mazoezi ya kuzuia namna hiyo, msuli ukirefuka chini ya mzigo, huongeza unyumbufu pia.

Paja la Kushoto

Nami niongeze la kwangu, ambalo si zuri. Niliingia darasa la yoga nikiwa na haraka ya kufika sakafuni, na kila wiki nilijivuta zaidi ya wiki iliyopita. Baada ya miezi minne nikaanza kusikia maumivu chini ya kalio la kushoto, pale pale kwenye mfupa wa kukalia, hasa ninapoendesha gari. Ilikuwa kano ya misuli ya nyuma ya paja, inaposhikana na mfupa. Mwalimu alinihimiza niendelee kuinyoosha, nami nikatii, na kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiichokoza. Kano hupona polepole mno. Yangu ilinichukua karibu mwaka mzima, na kilichoiponya ni mazoezi ya nguvu niliyoongezewa kidogo kidogo.

Ukisikia mvuto katikati ya paja, hapo pana amani. Ukisikia kuchoma juu kabisa, kwenye mfupa, kunja goti mara moja na usione haya.

Mkeka wa Alfajiri

Pole sana, Paja la Kushoto. Sitaitetea yoga hapo, kwa sababu kosa hilo ni la kawaida katika madarasa yetu, ingawa kukunja magoti unapoinama mbele ni jambo ambalo mwalimu mzuri husema siku ya kwanza kabisa. Mgeni anapaswa kutoka darasani akijisikia angeweza kufika mbele zaidi kidogo.

Na mleta uzi, kwa nini usifanye jioni moja huku na jioni moja kule? Vyumba vinatazamana.

Mnyoosha Viungo

Kazi yangu ni tiba ya viungo, na ningependa tumpime mleta uzi kwanza, maana tunashindania dawa ya maradhi tusiyoyajua.

Kukakamaa kuna sababu zaidi ya moja. Iko hali ambamo msuli kweli hauendi mbali, na iko hali nyingine ambamo una nafasi ya kutosha lakini ubongo hauiruhusu itumike, kwa kuwa hauoni nguvu ya kuilinda. Hata mtu anapofaulu kujinyoosha, sehemu kubwa ya mafanikio ya wiki za mwanzo hutokana na mfumo wa fahamu kuuzoea mvuto na kuuvumilia. Msuli wenyewe unakuwa haujarefuka kwa kiasi cha kupimika. Ndiyo maana mtu huinama vizuri akitoka darasani na kesho yake anajiona amerudi alikotoka.

Fanya hivi. Lala chali sakafuni, mguu mmoja ukiwa umenyooka chini. Inua mguu wa pili, goti likiwa limenyooka, kwa nguvu ya mguu wenyewe, na mtu akupimie pembe ulipofika. Kisha zungusha taulo kwenye wayo, legeza paja kabisa, na uuvute mguu kwa mikono mpaka uusikie mvuto. Pima tena. Vipimo viwili vikikaribiana na vyote vikiwa chini, misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayozuia, na yoga ya polepole itakufaa. Vikiachana sana, nafasi unayo na ulichopungukiwa ni nguvu.

Mguu ukikupiga kama umeme au maumivu yakishuka chini ya goti, acha jaribio hilo na umwone daktari, maana huenda ni mshipa wa fahamu, nao haupendi kuvutwa. Na kama maumivu ya kiuno yataambatana na ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wengine wanaosoma wasichukue ushauri huu mzimamzima. Mwenye glakoma aepuke mikao ya kichwa chini, kwa kuwa huongeza presha ndani ya jicho. Mwenye mifupa iliyopungua uzito asifanye mazoezi ya Pilates ya kukunja mgongo na kubingirika. Wale ambao viungo vyao hupinda kupita kiasi tangu utotoni, na ambao ndio husifiwa sana kwenye madarasa ya yoga, hawahitaji kunyooshwa zaidi.

Kiti cha Kuzunguka (mleta uzi)

Nimefanya jaribio jana usiku baada ya watoto kulala, nikapimwa na mwenzangu kwa kipimapembe cha shule cha mtoto, jambo lililotuchekesha kuliko ilivyostahili. Mguu wa kulia, kwa nguvu zake, ulifika kama nyuzi 45, ukaanza kutetemeka na goti likakunja. Kwa taulo ulipanda hadi 70. Wa kushoto ulifika 50, na kwa taulo 70 vilevile. Hapakuwa na umeme wowote. Nilijaribu pia lile zoezi la kujikunjua: nilikwama mabega yakiwa yameinuka shubiri moja tu, na visigino vikaruka kama nilivyotabiriwa. Sasa sielewi. Kama mguu unaweza kufika 70, kwa nini nikisimama nishindwe kufika chini ya muundi?

Mnyoosha Viungo

Kwa sababu ukiwa umelala hakuna kitu cha kuanguka. Ukisimama na kuinama, misuli ya mgongo na ya nyuma ya paja inabeba nusu ya mwili wako huku ikirefuka, na isiyo na nguvu hukaza breki mapema. Nyuzi 70 si nyingi, na hapo pa kuongeza papo, lakini pengo la nyuzi 20 hadi 25 kati ya nguvu na nafasi ndilo linalonishughulisha zaidi. Kwa vipimo hivi ningekupeleka kwenye Pilates jioni zote mbili, kwa wiki 10 au 12, huku ukinyoosha mapaja nyumbani kwa taulo lilelile: sekunde 30, mara mbili kila mguu, siku tatu kwa wiki. Hiyo haichukui hata dakika tano.

Wazo la kugawa jioni si baya. Hofu yangu ni kwamba lugha ya mwili katika Pilates huchukua vipindi kadhaa kabla haijaeleweka, na anayehudhuria mara moja kwa wiki hubaki mgeni kwa muda mrefu. Ukimaliza wiki hizo, jipime tena, na mara pengo litakapopungua hamishia jioni moja kwenye yoga.

Ngazi Tatu

Hakuna aliyegusa pumzi, na mleta uzi aliitaja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya moyo na mapafu, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa siku mbili au zaidi. Pilates inaweza kuhesabiwa kwenye zile siku mbili. Kwa upande wa moyo, darasa la polepole la chumba chochote kati ya hivyo viwili halitoshi, na nimeona watu wakilalamika baada ya miezi sita kwamba wanahema vilevile. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, nusu saa, siku tano. Ghorofa zako tatu zipande kwa miguu.

Kiti cha Kuzunguka (mleta uzi)

Nashukuru wote. Nimeandikisha jina Pilates kwa jioni zote mbili, na kutembea nimeanza leo mchana. Limebaki swali dogo kwa Springi Nne. Katika lile zoezi la Pilates la kulala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kupigapiga mikono juu na chini mara 100, shingo iliniuma kabla tumbo halijaanza kuchoka. Nilikosea nini?

Springi Nne

Shingo ilikuwa ikifanya kazi ya tumbo. Kabla ya kuinua kichwa, toa pumzi mpaka mbavu zishuke, kisha tazama mapaja yako badala ya dari, na umbali kati ya kidevu na kifua uwe wa kutosha kuingiza ngumi. Ikiuma tena, rudisha kichwa chini juu ya taulo lililokunjwa, kunja magoti, nyayo sakafuni, na uendelee na mikono na pumzi peke yake: kuvuta kwa mapigo matano, kutoa kwa matano, mara kumi. Mweleze mwalimu kabla kipindi hakijaanza, kwa kuwa akishaanza kuhesabu utaona aibu kumkatiza.

Mkeka wa Alfajiri

Nami nitakusubiri chumba cha pili baada ya wiki 12. Njoo na lile taulo, maana mikanda yetu haitoshi.